Kaburi la Nuwa Lisilo na Nuwa

Polisi walipofukua kaburi la mdogo wangu Nuwa hawakukuta mtu. Sisi wazee wa ukoo hatukushangaa, kwa sababu sisi wenyewe ndio tuliozika mle shina la mgomba. Aliyeshangaa ni Bright, mtoto wa Nuwa. Alikuwa amesimama ukingoni mwa shimo akiwatukana polisi kwa kuvuruga mifupa ya baba yake, na alipoona hakuna mifupa, matusi yalimwishia mdomoni. Walimfunga pingu akiwa bado anatazama chini.

Kwetu Nyakiyumbu, katika vilima hivi vinavyotazama mpaka wa Mpondwe, mtu akipotea na mwili wake usipatikane, hatumwachi hivyo hivyo. Tunakata shina la mgomba lenye kimo chake, tunalivisha shuka lake, tunalilaza kaburini na kulilia kama mtu. Baada ya hapo mkewe ni mjane, watoto wake ni yatima, na hakuna tena anayetega sikio mlangoni. Nuwa alichukuliwa na waasi mwaka 1997, awabebee magunia ya mahindi kuvuka milima kwenda Kongo. Waliotoroka walisema walimwacha nyuma akitapika damu kwenye baridi ya juu. Tulingoja, tukachoka, tukazika mgomba. Bright alikuwa ndiyo kwanza ameanza shule. Tulimwambia baba yake amelala pale, kama anavyoambiwa mtoto yeyote.

Kisha likaja jiwe. Mbunge wetu, mheshimiwa Baker, alileta saruji na mafundi, akajenga nguzo kando ya kaburi na kuandika juu yake kwamba ni ukumbusho wa mashujaa wa milima. Tangu siku hiyo hatukupata amani. Watu wa wilaya walitaka majina ya askari na polisi waliokufa katika vita hivyo hivyo yaandikwe pale pia. Vijana wakasema wino huo utaandikwa juu ya maiti zao. Watu wa usalama wakasema jiwe limekuwa mahali pa kufundishia uasi. Mwaka 2012 mabishano yalifika Bungeni Kampala. Wengine walitaka kila ukumbusho wa vita upate kwanza kibali cha polisi, wengine wakauliza ni katiba gani inayomdai mfiwa kibali.

Nilisikiliza redioni, betri mpya zimo ndani. Mheshimiwa Baker alisimama.

"Mheshimiwa Spika, chini ya jiwe lile amelala mtu mwenye mifupa kama yako na yangu!"

"Amelala na bunduki zake!" mtu akapiga kelele kutoka upande wa pili.

"Kaa chini, wewe! Njoo kwetu Bwera uone kaburi!"

Walicheka, wakapigapiga meza. Mimi nilijiona mrefu. Nilijua kwamba mle hamna mifupa, lakini mtu hamkatizi mbunge wake redioni.

Wiki haikupita, polisi wakapanda kilima na majembe.

Asubuhi iliyofuata nilivaa koti langu, nikachukua Katiba yangu, nikaenda kituoni. Katiba naifahamu. Niliisoma mwenyewe, kwa Kiingereza nilichokipata katika shule ya usiku ya wafanyakazi wa mgodi kule Kilembe, nikiwa na vumbi la shaba masikioni. Ibara ya ishirini na tatu inasema mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla saa arobaini na nane hazijaisha. Ibara ya ishirini na saba inakataza kupekua mali ya mtu kinyume cha sheria. Nilikuwa nimeweka vijiti vya kiberiti kwenye kurasa hizo.

Mkuu wa kituo aliitwa Afande Blasio. Alikuwa mtu wa kutoka mbali, mashariki ya nchi, mpole wa uso, na upole huo ndio uliokuwa unanitisha.

"Mzee, unataka nini?"

"Nataka mtoto wangu. Na nataka kuona hati iliyowaruhusu kuchimba."

"Kaa chini."

Nikatafuta kiti.

"Sikusema kiti. Nimesema chini."

Nilibaki nimesimama. Alitazama vijiti vyangu vya kiberiti, akatabasamu, akavuta boksi kutoka chini ya meza. Ndani mlikuwa na maganda makavu ya mgomba, meusi kama tumbaku, na vipande vya shuka lililooza.

"Mzee uliyesoma, niambie. Hii ni nini?"

Aliinua ganda moja mbele ya uso wangu.

"Mimi nimekaa jeshini kabla ya polisi. Bunduki ukitaka isile kutu, unaipaka mafuta, unaifunga kwa nguo, unaizungushia maganda ya mgomba, unaizika. Hapa palikuwa na bunduki na mmezitoa. Huyo kijana wenu ndiye anajua zilipo. Ndiyo sababu alikuwa mkali."

"Alikuwa mkali kwa sababu ya baba yake."

"Baba yake yuko wapi, basi? Mimi sikumwona." Alirudisha boksi kwa mguu. "Niletee maiti au niletee bunduki. Ukileta kimoja, unaondoka na mtoto."

Ningeweza kumwambia habari ya mgomba pale pale. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini nilitazama zile kucha zake safi nikaona swali litakalofuata. Kama hamkuzika mtu, nani alimwona akifa? Na asipokuwa amekufa, yuko na nani huko porini? Nikauliza jingine.

"Nani aliwaambia mje kuchimba?"

"Mtu wenu," akasema kwa furaha. "Alipiga simu. Mtu wa hapo hapo kwenu, mzee. Kabla hujanisomea Katiba, soma kwanza watu wako."

Nilishuka na maneno hayo kama mwiba ndani ya kiatu. Njiani kila aliyenisalimia nilimtazama mara mbili. Mwenye duka la chumvi aliniuliza habari za Bright upesi mno. Katekista hakuniuliza kabisa. Mpaka nafika barabara ya lami nilikuwa nimewashtaki na kuwahukumu nusu ya jirani zangu.

Lakini mmoja alikaa mbele ya wote. Katembo, Mkongo muuza vitenge, mtu wa Butembo, Mkatoliki wa kuvaa rozari shingoni hata sokoni. Miezi hiyo alikuwa anapanda sana kwetu. Alisema anakuja kununua kahawa kwa Yayeri, mjane wa Nuwa. Siku moja nilimkuta amesimama mbele ya kaburi, kofia mkononi, anatazama ardhi jinsi fundi anavyotazama ukuta atakaoubomoa. Tena alikuwa na simu mbili, moja ya Uganda, moja ya Kongo.

Nilimkuta sokoni Mpondwe akikunja vitambaa.

"Papa Syahuka! Karibu, ingia, keti. Pole ya mutoto."

"Pole yako iweke. Ni wewe uliyewaitia polisi?"

Mikono yake ilisimama. "Mimi? Papa, unaniua. Mimi niko mutu ya biashara. Napita hapa kila siku na mizigo. Polisi wakijua jina langu, ni kesho beko kwa nyumba yangu banakula pesa. Nitawaita ya nini?"

"Ulikuwa unalitazama kaburi."

"Niliangalia, ndiyo. Ni kosa?"

"Ulikuwa unatafuta nini?"

Aliangalia kushoto, akaangalia kulia, ambako mwanamke wa kuuza samaki wa chumvi alikuwa amenyamaza ghafla. Kisha akainama akavuta kitenge cha bluu, akakitandaza mbele yangu kama mtu anayeuza.

"Papa, hii ni rangi nzuri," akasema kwa sauti, halafu chini chini: "Usiniulize mimi. Uliza kwa nyumba yenu."

"Nyumba yetu ipi?"

"Bei ni ile ile, Papa. Ukitaka, unarudi."

Nilirudi nyumbani nikiwa na hakika kwamba ni yeye, na kwamba ameniambia vile ili tugombane wenyewe kwa wenyewe.

Jioni hiyo gari la vioo vyeusi lilisimama kwangu. Mheshimiwa Baker alishuka akiwa amenyoosha mikono yote miwili.

"Mzee Syahuka! Mungu ametupa!"

"Ametupa nini, mheshimiwa? Mtoto yuko ndani."

"Kamati ya Bunge inakuja Bwera Alhamisi. Wabunge wa pande zote, wanasikiliza malalamiko juu ya polisi, juu ya makumbusho ya vita, juu ya haki za raia. Sasa wewe ndiye shahidi wangu wa kwanza." Alikaa, akateremsha sauti. "Polisi wameiba mwili. Umenielewa? Kaburi lilikuwa na mtu, wamekuja, wameondoka naye. Bright alikuwa analinda mwili wa baba yake. Ukisema hivyo mbele ya kamati, kesho yake wanamwachia na Blasio anahamishwa. Redio zote zitakuwepo."

"Mheshimiwa, wewe unajua mle mlikuwa na nini."

"Mimi nilisema Bungeni kuna mifupa. Imeandikwa kwenye kumbukumbu za Bunge. Unataka nikasome nini mbele ya wale, kwamba nilikuwa natetea mgomba? Watanicheka mpaka uchaguzi." Aliweka mkono juu ya goti langu. "Na wewe ndiwe utakayezungumza. Watu wenye mdomo na Katiba ni wachache hapa."

Sifa hiyo iliingia. Nilijiona nimesimama mbele ya wabunge nikitaja ibara moja baada ya nyingine. Nikamwambia nitasema.

Kesho yake nilikwenda kumwarifu Yayeri. Nilimkuta uani anageuza kahawa juu ya turubai kwa mguu, mtindo wake wa siku zote. Alisikiliza bila kuinua kichwa mpaka nilipofika kwenye mwili ulioibwa. Mguu ukasimama.

"Shemeji, usiseme hivyo."

"Ndiyo njia ya kumtoa Bright."

"Ukisema Nuwa alikuwa mle na polisi wamemchukua, unamuua."

"Namuua nani? Mtu alikufa zamani."

Alinitazama, na katika macho yale nilijua kabla hajasema. Nilikaa juu ya gunia bila kukaribishwa.

"Yuko hai," akasema. "Ng'ambo, huko Kongo, mbele ya Beni. Katembo alimkuta huko akichunga mashamba ya watu. Hana meno mbele na mguu mmoja haukunjiki, lakini ni yeye. Alimtajia Katembo mambo ambayo mimi na yeye peke yetu tunayajua. Anataka kurudi afie kwake."

"Na kwa nini hakurudi miaka yote?"

"Arudi wapi? Ana kaburi. Wewe unajua kuliko mimi: mtu aliyezikiwa mgomba hawezi kukanyaga uani kwake, hawezi kula chakula cha nyumba yake, mpaka mgomba ufukuliwe. Akiingia hivi hivi, mtoto wake atakufa. Nilikuja kwako wakati wa maua ya kahawa. Nilikuuliza, je, kaburi la mgomba linaweza kufunguliwa? Ulinijibu nini?"

Nilikumbuka. Nilimjibu kwamba kaburi lile si la nyumba moja tena, ni la taifa zima la milima, na mwanamke asicheze na jiwe la mbunge.

"Basi nikatafuta watu wanaochimba bila kuuliza ukoo," akasema Yayeri. "Kuna namba wanaitangaza redioni, ukiona silaha upige. Nikapiga."

"Wewe!"

"Mimi. Nilifikiri watachimba, wataona mgomba, watacheka, wataondoka. Nani hajui mgomba? Nilidhani kila mtu anajua mgomba." Sauti yake ikakatika. "Sikujua watamchukua mtoto."

Nilitaka kumkaripia. Mimi mkubwa wa ukoo, nikazungukwa na mwanamke wa kugeuza kahawa. Lakini wakati huo huo nilijiuliza kwa nini Katembo, mtu wa faida, anapeleka salamu za bure mpaka juu ya kilima. Nilimtazama Yayeri, na kitenge alichovaa. Kilikuwa kipya.

"Tukimwambia kamati ukweli wote?" nikauliza.

"Ile sheria ya msamaha kwa watu waliotoka porini si imekwisha Mei? Wewe ndiye uliyetuambia, ukitikisa gazeti. Afande atamwita mwasi. Watamngoja mpakani. Na Bright atakuwa mtoto wa mwasi aliye hai, badala ya mtoto wa marehemu."

"Basi tuseme mgomba," nikasema polepole. "Tuseme mgomba, tusiseme hai."

"Na mbunge wako?"

"Mbunge wangu atachekwa na wenzake."

Ukumbi wa Bwera ulijaa mpaka madirishani. Wabunge walikaa mbele nyuma ya meza ndefu yenye kitambaa cheupe, mwenyekiti akiwa mama mnene wa kusini, mwenye miwani ya kamba. Kando alikaa Afande Blasio na boksi lake. Walimleta Bright pia, amevimba jicho, na akina mama wakaguna kwa pamoja. Alikuwa amekaa siku nyingi kupita zile ambazo Katiba inaziruhusu.

Mheshimiwa Baker alinitambulisha kwa heshima nyingi. Nilisimama. Nilisema juu ya saa arobaini na nane, nikasema juu ya hati ya upekuzi ambayo hakuna aliyeiona, nikasema juu ya haki ya kila mtu kushika utamaduni wake. Mkalimani alinifuata kwa shida. Kisha nikavuta pumzi.

"Kuhusu kaburi lenyewe, mheshimiwa mwenyekiti. Mle hatukuzika mtu. Hatukuzika bunduki. Tulizika shina la mgomba."

Kelele iliyotokea sijawahi kuisikia mahali penye bendera. Mbunge mmoja wa upande wa serikali alisimama akipunga karatasi.

"Utaratibu, mwenyekiti! Mheshimiwa Baker aliliambia Bunge kuna mifupa! Sasa mifupa imeota majani?"

"Keti, mheshimiwa, hii si sherehe!"

"Atuambie shujaa huyo ni wa ndizi za kupika au za kuiva!"

Ukumbi ulicheka, hata vijana wetu. Mheshimiwa Baker hakugeuza kichwa kunitazama, na sikuhitaji anitazame kujua kwamba sitaketi tena ndani ya gari lile. Mwenyekiti aligonga meza kwa chupa ya maji.

"Hata kwetu tunazika mgomba," akasema. "Babu yangu alizikiwa mgomba. Alipotea ziwani. Afande, hayo maganda niletee hapa." Aliyashika kwa vidole, akayanusa. "Huu ni mgomba. Mafuta ya bunduki yako wapi? Nguo iliyofungia bunduki ingenuka mafuta mpaka leo. Ulipeleka wapi kupimwa?"

Afande Blasio alisema uchunguzi unaendelea.

"Unaendelea, na kijana amefungwa. Kwa silaha gani?"

Nilidhani tumemaliza. Lakini yeye hakuketi. Kwa upole ule ule akasema, "Mheshimiwa mwenyekiti, nakubali, pengine ni mgomba. Basi naomba kuuliza swali moja tu. Mgomba unazikwa mwili usipopatikana. Nani alimwona mtu huyu akifa?"

Nilifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza sikupata ibara yoyote.

"Mimi ni mjane wake," Yayeri akasema kutoka kwenye viti vya nyuma. Alisimama. "Wenzake waliotoroka walimwona akitapika damu. Mtu anatapika damu juu kule kwenye barafu, unataka aonwe na nani zaidi? Amekufa. Ningekuwa na mume ningekuwa nimekaa hapa peke yangu?"

Afande alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayesikiliza wimbo anaoukumbuka.

"Mama, sauti hii naijua," akasema. "Si wewe uliyetupigia simu?"

Nilimwona Bright akigeuka.

Yayeri hakukawia. Nafikiri alikuwa amejiandaa kwa hilo tangu usiku wake wa kwanza bila mtoto. "Ni mimi. Vijana walikuwa wanakutana pale kwenye jiwe, wanasema maneno ya vita. Nilisema polisi waje waone hakuna kitu, watuache tulime. Mmeona hakuna kitu. Sasa nipeni mtoto wangu."

Ilikuwa ni uongo uliokunjwa vizuri. Kila mtu aliamini. Mwenyekiti aliandika. Vijana wa dirishani walianza kwa sauti ya chini, kisha wazi: "Kibaraka! Kibaraka!" Mmoja alirusha ganda la chungwa likamgonga begani. Hakulifuta.

Bright aliachiwa jioni ile kwa dhamana ya polisi, kwa sharti kwamba aripoti kituoni kila Jumatatu. Hakwenda kwa mama yake. Alikuja kwangu, akalala kwenye chumba cha mbuzi, akasema mtu aliyeita polisi juu ya kaburi la baba yake, awe mama au shetani, kwake ni mmoja.

"Kaburi lilikuwa na mgomba," nikamwambia.

"Mimi nililia pale, baba mkubwa. Kila Krismasi. Hata wewe ulinitazama nikilia juu ya mgomba."

Sikuwa na jibu la kumpa ambalo asingelipeleka kituoni Jumatatu. Afande Blasio alikuwa anamkalisha muda mrefu, anampa soda, anamuuliza habari za nyumbani. Kijana aliyevunjika moyo huongea.

Shimo lilibaki wazi. Yayeri hakuligusa, na mimi nilijua kwa nini. Njia ya Nuwa ilikuwa imefunguka, hata kama mpakani palikuwa pamejaa watu wasiovaa sare, wamekaa na wabadilisha fedha, wanatazama miguu ya wapitao. Walikuwa wanatafuta nini, hakuna aliyesema. Niliona mmoja akimfuata kwa macho mzee aliyechechemea.

Siku moja afande mwenyewe alipanda kilima, peke yake, na fimbo ya kutembelea. Alisimama juu ya shimo mimi na Yayeri tukiwepo.

"Mvua zimeanza na hamjafukia," akasema. "Mgomba mnao, majembe mnayo." Akamgeukia Yayeri, mpole kabisa. "Mama, mnamngoja nani?"

Ndege mmoja aliruka kutoka kwenye jiwe. Nilisubiri Yayeri aseme neno, na nilijua kwamba neno lolote lingekuwa baya.

"Tunangoja Jumamosi," akasema. "Ili watu waje. Karibu, afande."

Jumamosi alikata mgomba mwenyewe kwenye shamba lake. Alichagua shina lenye kimo, akalifunga shuka, akalibeba begani mpaka kileleni, na hakuna aliyemsaidia kwa sababu vijana walikuwa wamepiga marufuku. Afande Blasio alikuja na polisi wawili. Mimi nilisema maneno ya ukoo, yale yale niliyoyasema zamani: umekwenda, usirudi njia hii, tuachie watoto. Mara hii ulimi wangu ulikuwa mzito kama wa mlevi, maana nilikuwa nayasema kwa mtu aliyekuwa labda wakati huo anakoka moto wa jioni ng'ambo ya mto. Yayeri alilia. Sijasikia kilio cha namna ile, na afande naye aliondoa kofia. Akachukua udongo mkononi akaurusha. Bright alisimama mbali, mgongo kwetu.

Baada ya hapo watu wa mpakani walipungua.

Siku za matanga zilipokwisha, Yayeri alikuja kuniaga. Kwetu mjane aliyemaliza matanga yu huru. Anaweza kubaki, anaweza kwenda kwa bwana mwingine, na ukoo haumdai. Alikuwa amefunga godoro, sufuria mbili na gunia la kahawa.

"Nimepata bwana Kongo," akasema kwa sauti ya kusikiwa na majirani.

"Bwana gani?"

"Mkongo."

Nilimsindikiza mpaka mtoni, penye mpaka, kwa heshima ya ukoo. Afande Blasio alikuwepo, akafungua gunia, akachota kahawa, akaimwaga tena.

"Mama, juzi umelia kama mbwa, leo unaolewa?"

"Ningoje nizeeke, afande? Wewe utanioa?"

Polisi wake wakacheka. Akamwacha apite. Upande wa pili Katembo alikuwa amesimama na mkokoteni, rozari shingoni. Alipokea godoro, akainamisha kichwa kunisalimia kwa mbali. Hawakugeuka tena.

Anakwenda kwa Nuwa, nilijiambia. Kama mume hawezi kuja kwake, mke atamfuata. Sasa ni mjane mara mbili na hakuna polisi anayemfuata mjane anayeolewa. Ni akili kubwa. Kisha nikakumbuka kwamba mimi sikumwona Nuwa. Sikupata hata kipande cha nguo yake, wala neno lake moja. Nilichonacho ni maneno ya Yayeri, na Yayeri mbele ya wabunge alisema uongo bila kupepesa jicho. Nilisimama pale mpaka mabegi ya watu yakanisukuma.

Mwaka uliofuata Bunge lilirudisha sheria ya msamaha. Niliisoma gazetini, nikalikunja, nikaliweka chini ya mto wa kulalia. Jirani mmoja aliniambia sasa hata waasi watarudi. Nilimtazama, nikamuuliza kwa nini ananiambia mimi.

Bright bado alikuwa anaripoti. Jumatatu moja alirudi kutoka kituoni, akakaa kizingitini, akavua viatu.

"Baba mkubwa, afande ameniuliza mama ameolewa na nani. Nimesema sijui. Ni nani?"

Nilikuwa nikinoa panga. Alikuwa na macho ya Nuwa, na Jumatatu nyingine ilikuwa inakuja.

"Muuza vitenge," nikamwambia. "Yule Katembo."

Bright alitema mate uani. Nikaendelea kunoa.